Kutoka vekta hadi gradienti: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wanafunzi wa chuo Goma

Anayekwama kwenye gradienti mara nyingi alianza kukwama zamani, kwenye vekta, ila hakuna aliyemwambia. Alijifunza kujumlisha na kuzidisha vijenzi, akapata alama zake, akasonga mbele bila kuwa na desturi ya kujiuliza maswali mawili kabla ya kuandika jibu: hiki ninachotafuta ni namba au ni vekta? Na kama ni vekta, inakaa wapi, juu ya ramani au angani? Mwongozo huu umejengwa juu ya maswali hayo mawili. Tutatumia ardhi tunayoiona kila siku, yaani Nyiragongo, ziwa Kivu na barabara zetu za kupanda, kwa sababu mlima ni funksheni ya vigeu viwili ambayo haihitaji kuchorwa ubaoni ndipo uione.

Andaa kalkuleta ya kisayansi, rula, na karatasi ya milimita. Hakikisha kalkuleta iko kwenye nyuzi kwa mazoezi ya hapa. Ukibaki kwenye radiani, pembe zote zitatoka ovyo. Tunaandika desimali kwa mkato kama silabasi zetu zinavyofanya, kwa hiyo vijenzi vya vekta vinatenganishwa kwa nuktamkato: (2; 18). Ukiandika (2,18) hakuna atakayejua kama ni vekta ya vijenzi viwili au namba moja, na msahihishaji hana wajibu wa kubahatisha.

Hatua ya 1: weka mihimili na vizio kabla ya namba yoyote

Chagua: x kuelekea mashariki, y kuelekea kaskazini, z kuelekea juu. Iandike kwenye karatasi, usiiache kichwani.

Sasa tupate vekta kutoka katikati ya mji wa Goma hadi krateri ya Nyiragongo. Simu inaonyesha Goma kama (−1,68; 29,23) na krateri kama (−1,52; 29,25). Angalia vizuri: simu inatanguliza latitudo, yaani kaskazini na kusini, ambayo kwetu ni y. Anayenakili namba zilivyo anageuza ramani nzima bila kujua. Karibu na ikweta, digrii 1 ni kama kilomita 111 pande zote mbili, kwa hiyo:

x: (29,25 − 29,23) × 111 ≈ 2 km
y: (−1,52 + 1,68) × 111 ≈ 18 km

Kwa z, tuhesabu kutoka usawa wa ziwa, mita 1460 hivi, hadi kilele, mita 3470: tofauti ni mita 2010, yaani km 2. Vekta yetu ni v = (2; 18; 2) km, na urefu wake ni √(4 + 324 + 4) = √332 ≈ 18,2 km.

Jaribu kuiacha z kwenye mita: √(2² + 18² + 2010²) ≈ 2010. Kalkuleta haitalalamika. Itakupa namba isiyo na maana yoyote, kwa sababu umejumlisha kilomita na mita. Kosa hili litarudi kwenye gradienti likiwa limejificha zaidi, kwa hiyo lizoee sasa hivi.

Kuhusu pembe, kuna mtego mmoja tu lakini ni mkubwa. Kutoka Goma kwenda Bukavu, kwa hesabu ileile, vekta ni takriban (−41; −91) km, urefu karibu km 100 kwa mstari ulionyooka. Ukiingiza arctg(−91 ÷ −41), kalkuleta inakupa nyuzi 65,7. Pembe hiyo inaelekea kaskazini-mashariki, upande wa Ishasha kwenye mpaka wa Uganda, wakati Bukavu iko kusini-magharibi. Sababu ni kwamba hasi mbili zinafutana ndani ya mgao, na arctg inatoa pembe kati ya −90 na 90 peke yake. Kanuni: x ikiwa hasi, ongeza nyuzi 180. Hapa tunapata 245,7. Chora mshale kwa mkono kwanza, hata mbaya, kisha ulinganishe.

Hatua ya 2: zao skala, na kwa nini kugawa kwa urefu si mapambo

Zao skala la a = (a₁; a₂) na b = (b₁; b₂) ni a₁b₁ + a₂b₂. Jibu ni namba. Likiwa sifuri na hakuna vekta tupu kati ya hizo mbili, zinakutana kwa pembe mraba. Likiwa hasi, zinavutana kinyume. Kupata pembe, tumia cos θ = a·b ÷ (|a||b|).

Hayo yamo kwenye kila daftari. Kinachosumbua ni kutafuta sehemu ya vekta inayoangukia upande fulani, na hapa ndipo inafaa kukaa, maana derivativu ya uelekeo itakayokuja baadaye ni hesabu hii hii ikivaa jina jingine.

Chukua chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyopakia viazi, kilo 200 pamoja na mbao zake, kwenye barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 10 za usawa. Hapa tunaitazama barabara kwa ubavu, kijenzi cha kwanza ni usawa na cha pili ni juu: uzito ni P = (0; −1960) N, kwa kuchukua 9,8 kwa mvutano wa dunia. Barabara inaelekea d = (10; 1). Ni kiasi gani cha uzito kinachoivuta chukudu kurudi nyuma?

Kwanza gawa d kwa urefu wake: |d| = √101 ≈ 10,05, hivyo u = (10; 1) ÷ 10,05. Sasa P·u = −1960 ÷ 10,05 ≈ −195 N. Alama ya hasi inasema nguvu inashuka. Ukiacha msuguano pembeni, anayeishikilia chukudu isirudi anabeba kama uzito wa kilo 20. Hilo linaaminika, mtu mmoja anaweza.

Ukisahau kugawa, P·d = −1960. Umesema kwamba mtu huyo anabeba kilo 200 zote mikononi, kana kwamba barabara haipo. Na ukiuandika mwelekeo uleule kama (20; 2), jibu lako litaruka hadi −3920. Barabara haijabadilika, jibu limebadilika: hiyo ndiyo dalili ya uhakika kwamba umesahau vekta kizio, yaani vekta yenye urefu 1.

Kazi ya nguvu ni kesi tofauti. Chukudu ikisogea s = (40; 4) m, kazi ya uzito ni P·s = −7840 J, na hapo hatugawi chochote, kwa sababu umbali uliotembewa ni sehemu ya swali. Gawa pale unapouliza mwelekeo peke yake. Usigawe pale urefu wa vekta una maana yake.

Hatua ya 3: zao vekta, kwa haraka

Silabasi zetu huliandika kwa alama ∧. Jibu ni vekta yenye pembe mraba kwa zote mbili, na urefu wake ni eneo la msambamba uliotengenezwa nazo. Mfano: a = (1; 2; 0), b = (0; 1; 3).

a ∧ b = (2·3 − 0·1; 0·0 − 1·3; 1·1 − 2·0) = (6; −3; 1)

Kijenzi cha kati ndicho kinachokosewa, karibu kila mara kwa alama. Kinga yake inachukua nusu dakika: zidisha jibu na a, kisha na b, kwa zao skala. 6 − 6 + 0 = 0, na 0 − 3 + 3 = 0. Ungeandika (6; 3; 1), zao na a lingekuwa 12, na ungejua hapo hapo. Kumbuka pia kwamba b ∧ a ni kinyume cha a ∧ b.

Hatua ya 4: derivativu za sehemu

Funksheni f(x; y) inapokea nukta ya ramani na kurudisha namba moja. Derivativu ya sehemu kwa x inauliza: nikisogea kidogo mashariki tu, bila kugusa y, namba hiyo inabadilika kwa kasi gani? Kwa hiyo y inashikwa kama namba isiyobadilika.

Chukua f = x²y + 3xy³.
Kwa x: f′x = 2xy + 3y³
Kwa y: f′y = x² + 9xy²

Kosa la kawaida ni kusema «y ni namba isiyobadilika, derivativu yake ni sifuri» na kufuta 3xy³ yote. Namba isiyobadilika iliyosimama peke yake ndiyo inayofutika. Iliyozidishwa na x inabaki, kama vile derivativu ya 3x·8 inavyobaki 24. Ukiona y imetoweka katika kipande ambacho x ilikuwa imeshikamana nayo, rudi.

Hakiki kwa kalkuleta. Kwenye (2; 1), f′x = 4 + 3 = 7. Sasa f(2; 1) = 10 na f(2,01; 1) = 4,0401 + 6,03 = 10,0701. Tofauti 0,0701 gawa kwa 0,01 ni 7,01. Imekaribia 7, basi uko salama. Fanya hivi kila unapokuwa na shaka, hata katikati ya mtihani.

Hakiki ya pili: derivativu mchanganyiko. Ukitafuta derivativu ya f′x kwa y unapata 2x + 9y², na f′y kwa x unapata 2x + 9y². Kwa funksheni zenye derivativu za pili zisizokatika, teoremu ya Schwarz inasema zilingane. Zisipolingana, umekosea mahali.

Hatua ya 5: gradienti, na hapa tusiharakishe

Tutumie mlima wa mazoezi. Weka kilele kwenye (0; 0), x na y kwa kilomita, h kwa mita:

h(x; y) = 3400 − 60x² − 40y²

Nyiragongo halisi haina umbo hili: inazidi kuwa kali kadiri unavyokaribia juu, na kileleni kuna krateri pana zaidi ya kilomita moja. Lakini mfano huu unatosha kwa hesabu.

Tusimame kwenye nukta A, kilomita 3 mashariki na 4 kusini mwa kilele: (3; −4). Kimo ni 3400 − 540 − 640 = 2220 m. Gradienti, yaani vekta ya derivativu mbili za sehemu, huandikwa ∇h:

∇h = (−120x; −80y), kwenye A ni (−360; 320) mita kwa kilomita

Gradienti ina vijenzi viwili. Inakaa kwenye ramani, ikiwa imelala, na inaonyesha upande gani wa kutembea ili kupanda kwa ukali kuliko pande zote. Wengi huichora kama mshale unaopaa angani ukifuata ubavu wa mlima. Hapana. Mlima una vipimo vitatu, ramani ina viwili, na gradienti ya h ni mali ya ramani. Urefu wake unakwambia ukali wa mwinuko: √(360² + 320²) ≈ 481,7 m kwa kila kilomita ya usawa.

Pembe ya mwinuko? Usiandike arctg(481,7), itakupa nyuzi 89,9 na mlima utakuwa ukuta. Lile kosa la vizio limerudi. Geuza mita kuwa kilomita: arctg(0,4817) ≈ nyuzi 25,7.

Swali zuri la mtihani: je, gradienti inaelekea kileleni? Kutoka A kilele kiko upande wa (−3; 4), gradienti ni (−360; 320). Zao skala: 1080 + 1280 = 2360. Gawa kwa 5 × 481,7: kosaini ni 0,980, pembe ni nyuzi 11,5. Basi hapana, haielekei kileleni. Inajua ardhi iliyo chini ya miguu yako tu, haijui kilele kiko wapi. Inaelekea kileleni moja kwa moja pale tu mistari ya kontua, yaani inayounganisha nukta zenye kimo kimoja, inapokuwa duara kamili, au ukiwa juu ya mhimili mmojawapo wa mlima huu.

Mwelekeo wa kushuka kwa ukali zaidi ni −∇h = (360; −320). Kimiminika kinachoteremka polepole hufuata njia inayobadilisha mwelekeo kila nukta kufuata −∇h. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi na hutii sana umbo la ardhi, ndiyo maana ramani za hatari huanza na ramani ya vimo. Lakini nukta ya kuanzia nayo ni lazima ijulikane: mwaka 2002 na 2021 lava ilitoka kwenye nyufa za ubavuni, haikumwagika kutoka ukingo wa krateri. Gradienti hujibu «kutoka hapa inaelekea wapi». «Itatokea wapi» ni kazi ya wanajiolojia.

Derivativu ya uelekeo. Sasa lile somo la chukudu linalipa. Kasi ya kupanda ukielekea u ni ∇h·u, u ikiwa na urefu 1. Jibu ni namba.

Kuelekea kusini kabisa, u = (0; −1): jibu −320. Unashuka mita 320 kwa kilomita.
Kuelekea kusini-magharibi, (−1; −1): gawa kwa √2 kwanza. (360 − 320) ÷ 1,414 ≈ 28,3 m kwa kilomita, karibu tambarare. Aliyesahau kugawa ataandika 40.
Njia isiyopanda wala kushuka lazima iwe na pembe mraba kwa gradienti: (320; 360), au ukifupisha (8; 9), na kinyume chake. Huo ndio mwelekeo wa mstari wa kontua unaopita A.

Chora kontua mbili tatu za mlima huu kwenye karatasi ya milimita, mfano ya 2220, yaani 60x² + 40y² = 1180, kisha weka mshale wa gradienti kwenye A. Ukiwa haukati kontua kwa pembe mraba, ama kontua ama mshale umekosewa. Tahadhari: skeli ya x na ya y ziwe sawa, la sivyo pembe itaharibika kwenye karatasi ingawa hesabu ni sahihi.

Kanuni ya mnyororo. Mtu anapita A kwa kasi v = (−0,6; 0,8) km kwa saa, ikipimwa kwenye ramani. Kimo chake kinaongezeka kwa ∇h·v = 216 + 256 = 472 m kwa saa. Hapa v haigawiwi, hata kama urefu wake usingekuwa 1, kwa sababu mwendo wa mtu ni sehemu ya swali, kama ule umbali wa chukudu.

Hatua ya 6: bapa tanjenti

Karibu na A, mlima unafanana na ubao ulioinama:

h ≈ 2220 − 360(x − 3) + 320(y + 4)

Makosa mawili yanatawala. La kwanza ni kuandika (y − 4), ilhali y₀ ni −4. La pili ni kuacha −120x mbele ya mabano badala ya −360. Ukifanya hivyo hupati bapa tena, unapata uso uliopinda. Derivativu lazima ziwe zimeshageuzwa kuwa namba.

Jaribu (3,1; −4,2): 2220 − 36 − 64 = 2120. Thamani halisi ni 2117,8. Tofauti ya mita 2 kwa mwendo wa zaidi ya mita 200 ni nzuri. Ukienda kilomita 2, usiliamini tena.

Vekta iliyosimama kwa pembe mraba juu ya bapa hili, kila kitu kikiwa kwenye kilomita, ni (−0,36; 0,32; −1). Hii ina vijenzi vitatu na inakaa angani. Vijenzi viwili vya kwanza ni gradienti, lakini vekta yenyewe ni kitu kingine. Usiitumie kumwonyesha mtu njia.

Hatua ya 7: vilele, mabonde na tandiko

Chukua f = x³ + y³ − 3xy. Weka gradienti sawa na sifuri: 3x² − 3y = 0 na 3y² − 3x = 0. Ya kwanza inatoa y = x²; ukiingiza kwenye ya pili, x⁴ = x. Hapa wengi hugawa kwa x, wakapata x = 1, wakafunga. Wamepoteza nukta nzima. Andika x(x³ − 1) = 0: x = 0 au x = 1. Nukta ni (0; 0) na (1; 1).

Sasa derivativu za pili: f″xx = 6x, f″yy = 6y, f″xy = −3. Determinanti ya Hesse ni D = f″xx·f″yy − (f″xy)² = 36xy − 9.

Kwenye (1; 1), D = 27, chanya, na f″xx = 6, chanya: ni bonde, thamani −1. Ni bonde la mahali hapo tu, maana x ikienda mbali upande wa hasi funksheni inashuka bila mwisho. Kwenye (0; 0), D = −9: ni tandiko. Mfano wake uko kaskazini mwetu, kwenye mbonyeo kati ya Nyiragongo na Nyamulagira: ukielekea mlima wowote kati ya hiyo miwili unapanda, ukielekea pembeni unashuka.

Soma D kwanza, kisha f″xx. Anayeanza na f″xx anaweza kuliita tandiko bonde. Na D ikiwa sifuri, jaribio halisemi kitu. Linganisha x⁴ + y⁴ na x⁴ − y⁴ kwenye (0; 0): zote zina D = 0, ya kwanza ni bonde, ya pili ni tandiko. Katika hali hiyo rudi kwenye funksheni yenyewe, weka y = 0 uone x inafanya nini, kisha x = 0, kisha y = x, kisha y = x². Njia mbili zenye alama tofauti zinatosha kuthibitisha tandiko. Njia kumi zenye alama ileile bado hazithibitishi bonde. Hapo unahitaji kuonyesha kwa aljebra kwamba f haiwezi kushuka chini ya thamani yake kwenye nukta hiyo, kama x⁴ + y⁴ ambayo haiwezi kamwe kuwa hasi.